"Mke Wangu Ananiaibisha Vijijini": Shangazi Anamjibu Baba Watatu wa Kajiado

*Shangazi, pokea salamu kutoka Kajiado. Ndoa yangu ina miaka 16, tuna mvulana wa miaka 14, binti wa 11 na kitindamimba wa 6. Mke wangu sasa ana miaka 31. Nilimtoa kwa wafugaji wa kuhamahama, hajui hata kushika kalamu. Mtoto wa kwanza alipomshinda kuzaa kwa siku mbili, ni mimi niliyemkimbiza hospitali. Nikamruhusu asome, akiuza maziwa na shanga kujilipia karo, hadi akawa mhudumu wa afya ya jamii. Sasa kila Jumamosi anazunguka vijijini kuwaambia akina mama waache kukeketa wasichana, na anasimulia hadharani yaliyompata yeye mwenyewe. Maziwa ananiwekea kwenye kibuyu kama zamani, hilo simnyimi, lakini chakula nakikuta baridi. Ndani ya kabati amebandika picha ya Waris Dirie aliyoikata gazetini. Sokoni wanaume wananicheka kwamba nimekaliwa. Mama yangu hasemi naye tena, ila wajukuu bado anawapenda, na Desemba atampeleka binti yetu Longido, Tanzania, kwa dada yangu. Mwacha mila ni mtumwa, Shangazi. Nifanye nini mke wangu arudi kuwa yule niliyemwoa?*

Baba Watatu, pole kwa kuchekwa. Kuchekwa na wenzako kunauma, sikatai. Pole yangu inaishia hapo, kwa sababu barua yako nimeisoma mara tatu na kila mara jicho limeganda mahali pale pale: Desemba, Longido, binti wa miaka 11.

Umelipitisha hilo haraka haraka, katikati ya chakula baridi na kicheko cha sokoni. Nakuuliza, mzazi kwa mzazi. Bibi aliyemnunia mkeo kwa sababu ya ukeketaji anamchukua mjukuu wa kike peke yake. Kaka yake haendi, mdogo wake haendi. Anamvusha mpaka wa Namanga shule zikiwa zimefungwa, msimu ule ule ambao wasichana hukatwa ili kidonda kiwahi kupona kabla ya Januari. Anakwenda kumsalimu shangazi tu? Umezaliwa Kajiado, unajua. Naamini ulijua hata ulipokuwa ukiandika, na moyo wako ulikataa kulinyamazia kabisa. Ndiyo maana liko kwenye barua.

Sasa tuhesabu pamoja. Mkeo ana miaka 31, ndoa ina miaka 16. Ulimwoa ana miaka 15. Miaka miwili baadaye alikuwa mzazi. Kwa hiyo usiniambie ulimtoa kwenye dhiki ukamfanya mtu. Ulimkuta mtoto akichunga mbuzi na kubebesha punda maji, ukamhamishia boma lingine akaendelee na kazi zile zile pamoja na mimba. Karo aliilipa kwa maziwa na shanga zake, umeandika mwenyewe. Ulichotoa wewe ni ruhusa. Sidharau ruhusa hiyo, wapo wanaume wengi waliokataa hata hiyo, lakini usiifanye deni ambalo mwanamke atakulipa maisha yake yote.

Na zile siku mbili za uchungu, unazitaja kama ushahidi wa wema wako. Ulifanya vema kumkimbiza hospitali. Je, uliwahi kumwuliza daktari kwa nini zilikuwa siku mbili? Mwili wa miaka 17 bado ni mwembamba. Tena mahali palipokatwa panaota kovu, na kovu halinyumbuki kama ngozi uliyozaliwa nayo. Mtoto anasukuma, kovu linakataa, mama anachanika na kutoka damu. Wasichana wengine hawafiki hata huko, wanavuja damu hadi kufa siku ile ile ya kukatwa, au kidonda kinaoza. Mkeo akisimama chini ya mgunga kuwasimulia akina mama alfajiri aliyokatwa, ngozi ya ng'ombe aliyokalishwa na mikono iliyomshika magoti, hakutaji wewe. Anataja mwili wake. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, mwanangu.

Unasema mwacha mila ni mtumwa. Basi nionyeshe mila aliyoiacha. Mwanamke anayekuwekea maziwa kwenye kibuyu kama zamani amekiosha, amechoma kijiti cha oloirien, mzeituni wa porini, hadi kikawa kaa jekundu, akakisugulia ndani mpaka moshi ukaingia kwenye kuta. Kazi hiyo ni ya subira, na mtu aliyetupa kwao haifanyi, ananunua maziwa ya pakiti dukani. Shanga anashona yeye, na nina hakika hata nyimbo za kwao bado anaziimba. Amechagua jambo moja tu la kukataa, lile linalomwaga damu ya watoto. Wazee wenu nao walichagua. Zamani morani alitafuta sifa kwa kuteka ng'ombe wa majirani. Leo akifanya hivyo anaitwa mwizi, na Umaasai haukufa.

Hiyo picha ya Waris Dirie usiionee wivu. Yule ni binti wa wafugaji wa ngamia wa Somalia, aliyekatwa akiwa na umri wa karibu miaka 5, akatoroka nyumbani jangwani kwa miguu kabla hajaozwa kwa mzee kwa ngamia 5. Mwaka 1997 Umoja wa Mataifa ulimfanya balozi wake wa kupinga ukeketaji. Mkeo akiitazama anaona boma lake, maji yake ya mbali, mahari yake. Wala hakuhitaji kwenda mbali. Hapo Narok, Agnes Pareyio alizunguka vijijini kwa miguu na mfano wa mbao wa maumbile ya mwanamke akifundisha, na mwaka 2002 kikafunguliwa kituo cha Tasaru cha kuwapokea wasichana wanaokimbia kisu na ndoa. Unadhani hakuchekwa? Mwaka 2022 watu wa Narok Kaskazini walimpigia kura akawa mbunge wao.

Lakini ninayetaka umfikirie wewe ni babu mmoja wa Kimana, hapo hapo kaunti yako. Mjukuu wake, Nice Leng'ete, alitoroka na kujificha juu ya mti asikeketwe. Alipopatikana, babu ndiye aliyekubali aachwe. Mzee aliyeheshimiwa alisema hapana, na boma likasikia. Msichana huyo alikua, akazungumza na morani na wazee, akakabidhiwa fimbo nyeusi ya uongozi ambayo mwanamke hakuwahi kupewa. Bila yule babu pengine tusingelijua jina lake. Nafasi ya babu yule leo unayo wewe.

Na kama upendo hautoshi kukusukuma, sheria ipo. Sheria ya Kenya ya mwaka 2011 inamgusa anayekata, anayemsaidia, anayejua akanyamaza, na anayemvusha msichana mpakani ili akakatwe nchi nyingine. Adhabu ni kifungo kisichopungua miaka 3 au faini isiyopungua shilingi 200,000, au vyote viwili. Msichana akifa, ni kifungo cha maisha. Longido nako si kichaka cha kujificha, Tanzania imelikataza jambo hili kwa wasichana wa chini ya miaka 18 tangu 1998, kifungo miaka 5 hadi 15. Ukiogopa kwamba binti atachekwa kwa kutokatwa, jua kwamba hata kumdhihaki mwanamke kwa sababu hiyo ni kosa Kenya. Na hatakosa mume. Mwaka 1998 wanawake waliokeketwa nchini walikuwa 38 katika kila 100, mwaka 2022 walikuwa 15. Wanaozaliwa sasa wataoana na wenzao.

Nyinyi wanaume wa siku hizi mnanichosha kwa jambo moja. Mnataka mke aliyesoma. Mnapenda posho yake ikinunua unga na ikilipa karo, mnapenda kusema kwenye harusi "wangu ni mtu wa afya." Siku aliyoyasoma yanapomtoka mdomoni, mnataka arudi kuwa yule wa miaka 15. Hawezi kurudi, baba. Yule uliyemwoa alikuwa mtoto aliyeogopa, na ukimya wake uliuita heshima. Huyu wa sasa ana miaka 31 na bado yuko nyumbani kwako, bado anakufukizia kibuyu. Mume mwenye akili angemshukuru Mungu. Chakula kikiwa baridi, jiko unalo, mvulana wa miaka 14 unaye, kipasheni.

Mkeo naye nina neno dogo kwake, umfikishie: aseme mapema anakwenda kijiji gani na anarudi na bodaboda wa nani. Si kwa kuomba ruhusa, ni kwa usalama wake, maana kazi hii ina maadui.

Kabla ya wiki hii kuisha, nenda kwa mama yako. Wewe, usimtume mke. Kaa chini ya kiwango cha macho yake, maana ni mama na naye alikatwa akiwa mtoto, hakuna aliyemwuliza. Usimwite mkatili. Mwambie: "Yeyo, binti yangu haendi Longido Desemba. Akitaka kumwona shangazi yake, tutakwenda sote, mama yake akiwepo." Atalia, atakulaumu, huenda akasema umekaliwa. Vumilia. Ukiona mipango inaendelea kwa siri, mwone chifu siku hiyo hiyo, au piga 116, simu ya watoto, haina malipo.

Usiku huo mwambie mkeo ulichofanya, kisha mwulize Jumamosi huwa anasema nini huko vijijini. Miaka yote hii sidhani umewahi kumwuliza. Niandikie Januari shule zikishafunguliwa, uniambie binti amekaa dawati la wapi.