Waimbaji Hawajisikii? Acha Kwanza Kuongeza Sauti

Kijana mmoja wa Watamu ameniandikia: "Bwana asifiwe kaka. Waimbaji wetu wanalalamika hawajisikii kwenye monita. Nikiongeza, maiki inalia. Kebo nazo zinakwaruza, na nataka kununua ikwalaiza, kile kifaa cha kurekebisha sauti nzito na nyembamba. Mchungaji anasema mimi sijui kazi. Nifanyeje?"

Asifiwe sana, mdogo wangu. Kabla hujachangisha hela za kununua chochote, panda jukwaani uangalie monita, zile spika za kuwarudishia waimbaji sauti zao, zimeelekea wapi.

Mimi mitambo ya sauti nimeishika katika makanisa mengi ya hapa Malindi, na kila ninapoitwa kuokoa jahazi nakuta yale yale. Kuta za mawe, paa la mabati, feni zinavuma, na monita zimesukumwa ubavuni mwa waimbaji ati zisifiche maua. Zisifiche maua! Maiki hulia inapoisikia sauti yake yenyewe ikirudi kutoka kwenye monita. Maiki kama Shure SM58, ambayo ndiyo mnayo wengi, au ile inayofanana nayo, husikia vizuri kwa mbele na karibu haisikii kitu kwa nyuma. Basi monita ikae sakafuni mbele ya mwimbaji, imtazame usoni, na mkia wa maiki uielekee. Ukiwa na maiki ya Beta 58A hesabu hubadilika, kwa sababu sehemu ambayo hiyo karibu haisikii kitu ni kwenye nyuzi kama 120 kutoka mbele, si nyuma kabisa, kwa hiyo monita isogee kidogo kushoto au kulia. Na waimbaji waambiwe, hata wakinuna, wasikumbatie kichwa cha maiki kwa kiganja. Wakiziba matundu ya nyuma, maiki inaanza kusikia kila upande na monita ikiwemo.

Jingine ni auksi, ile njia ya miksa inayopeleka sauti kwenye monita. Monita inatakiwa itoke kwenye auksi ya kabla ya feda, yaani kabla ya kile kitelezi cha kupandisha sauti ya waumini. Ikitoka baada ya feda, kila unapompandisha mwimbaji ili waumini wamsikie, na monita yake inapanda pamoja naye, halafu mlio unaanza nawe huelewi umetokea wapi. Miksa nyingi ndogo zina kitufe kilichoandikwa PRE. Kibonyeze.

Sasa niseme linaloniuma. Kuna kanisa moja hapa mjini, sitalitaja, nilihudumu muda mrefu. Mpiga kinanda alitaka kinanda kijae kwenye monita. Mpiga besi akaongeza amplifaya yake ili asimezwe na kinanda. Mpiga ngoma naye akapiga kama anayefukuza ndege shambani. Waimbaji, maskini, wakawa wanaimba kwa kukisia. Nikaiomba kamati tupunguze sauti ya jukwaani. Jibu nililipata Jumapili, ibada ikiendelea: mzee mmoja alichukua maiki akasema, "Huyu kijana wa mitambo aombewe." Watu wakacheka. Mke wangu alikuwa amekaa mbele kabisa. Haikuchukua muda akaletwa fundi mwingine na spika kubwa zaidi, na nasikia nazo zililia vizuri tu.

Mwezi uliopita walinipigia simu wenyewe.

Sikwenda na spika hata moja, bali niliondoa mbili. Amplifaya ya besi niliipandisha juu ya kiti ikamwelekea mpigaji masikioni, maana siku zote ilikuwa inampigia magoti. Kwenye monita za waimbaji nikabakisha sauti zao na kinanda kidogo cha kuwashikisha ufunguo wa wimbo. Maiki za kwaya zisizo na mtu nikazizima, kwa sababu idadi ya maiki zilizo wazi ikiongezeka maradufu unapoteza kama desibeli 3 (kipimo cha ukubwa wa sauti) za nafasi kabla ya mlio. Dada mmoja mwenye sauti ndogo nikamwambia, "Dada, isogeze mdomoni." Kutoka sentimita 20 hadi 10 unaongeza kama desibeli 6, na hazilipiwi. Nikabonyeza kile kitufe cha miksa cha kukata sauti nzito za chini kwa maiki zote za waimbaji, ule mngurumo wa feni na wa kushikashika maiki ukapungua.

Ibada iliisha bila mlio. Yule mzee akaja kunishika mkono, akasifu mitambo mipya. Mitambo ilikuwa ile ile. Nikamwambia amina.

Vijana, nisikilizeni. Mpiga besi anayetaka kujisikia yeye tu, wala usimtafutie monita, mtafutie mchungaji aongee naye. Daudi alimpigia Sauli kinubi bila monita na roho mbaya ikamwacha. Ninyi mna wati ngapi jukwaani, na mnagombana nini? Anayehudumu amsikilize mwenzake. Asiyeweza kupunguza sauti yake mazoezini hataipunguza Jumapili, hata ukimfungia mitambo ya uwanja wa mpira. Na wewe fundi pia, usijibizane na mtu kutoka nyuma ya miksa. Nenda mazoezini, ongea nao kwa adabu, mapema.

Umeniuliza pia kuhusu kebo zinazokwaruza. Hapa kwetu chumvi ya baharini inakula plagi, kwa hiyo baada ya ibada zichomoe, zifute, zikunje mahali pakavu. Zisilale sakafuni wiki nzima.

Na ile ikwalaiza unayotaka kununua, subiri kwanza. Siku ya mazoezi geuza monita, washa feni kama Jumapili, halafu pandisha taratibu mpaka maiki ianze kutishia kulia, kisha rudi chini kidogo. Ukumbi mtupu huvuma kuliko wenye watu, kwa hiyo ukitulia siku hiyo, Jumapili utakuwa na nafuu. Nitumie picha ya jukwaa baada ya hapo, na maua yaonekane.