Chandrayaan-3 "kimetua", "imetua" au "ametua"?

SWALI: Nahariri habari za sayansi, na kila mara nakwama kwenye majina ya vyombo vya angani. Nimekutana na "Chandrayaan-3 kimetua", "Chandrayaan-3 imetua" na hata "Vikram ametua". Lipi sanifu?

JIBU: Ndugu mhariri, jina geni halina ngeli yake, huazima ngeli ya nomino iliyojificha nyuma yake. Kabla ya kuandika kitenzi, jiulize unachokitaja ni nini: chombo, gari, helikopta, roketi au misheni? Ukishajua, kiambishi kitakuja chenyewe.

Chandrayaan-3 inasumbua kwa kuwa jina hilo lina mizigo miwili. Ni jina la misheni ya India, na watu hulitumia pia kwa chombo chenyewe. Kwa misheni, andika "Chandrayaan-3 ilianza tarehe 14 Julai 2023 na ilifanikiwa". Kilichogusa udongo karibu na ncha ya kusini ya Mwezi tarehe 23 Agosti mwaka huo ni chombo chake kiitwacho Vikram, kwa hiyo "kilitua". Siwezi kusema "imetua" ni kosa, maana ngeli ya I-ZI ndiyo inayopokea maneno mengi ya kigeni: redio, kompyuta, setilaiti. Lakini naiona ya kivivu. Misheni haitui.

"Vikram ametua" ndiyo ninayoikataa. Upatanisho wa a-/wa- ni wa wenye uhai, na nguvu yake hushinda hata umbo la nomino: kifaru amelala, kipepeo ameruka, kijana amefika. Chombo hakipati uhai kwa kupewa jina la mtu. Na hapa jina ni la mtu kweli: Vikram Sarabhai, mwasisi wa mpango wa anga wa India, aliyefariki mwaka 1971. Ukiandika "Vikram alitua mwezini mwaka 2023", msomaji asiyejua habari hizo ana haki ya kushtuka. (Katika hadithi za kubuni, roboti anayesema na kulia nitamwachia a- yake. Huko hata jiwe huzungumza.)

Nadhani wanaoteleza hapo huponzwa na vitenzi. Mwanzoni mwa Septemba 2023, kabla ya kuingia usiku wa Mwezi ambao huchukua takriban wiki mbili, Vikram na gari lake Pragyan vililazwa, na baadaye havikuamka. Mtu akisikia kulala na kuamka, mkono unakwenda wenyewe kwenye "wamelala". Hiyo ni sitiari tu. Tunasema "mji umelala" bila kuufanya mji kuwa mtu. Na kama umejiuliza vi- hiyo imetoka wapi, chombo na gari ni nomino zisizo na uhai za ngeli tofauti. Zikiunganishwa, vi- huzibeba zote.

Faida ya kuchagua ngeli kwa makini huonekana zaidi ukifika Mirihi. Soma sentensi hii: "Perseverance lilitua katika kreta ya Jezero tarehe 18 Februari 2021 likiwa limebeba Ingenuity, ambayo ilipaa kwa mara ya kwanza tarehe 19 Aprili, ikaruka mara 72 hadi mapanga yake yalipoharibika Januari 2024, nalo likaendelea na safari." Li- ni gari, i- ni helikopta. Huhitaji kurudia jina hata moja, na hakuna anayepotea. Ndiyo maana sipendi "kigari", ambalo limeenea mno. Ukiandika "kigari kilitoka katika chombo, kisha kikazima", kipi kilizima? Isitoshe, Perseverance lina uzito wa zaidi ya tani moja. Kigari gani hicho?

Hukuuliza hili, lakini linakwenda pamoja: kiima cha kitenzi "gundua". Nimesoma "OSIRIS-REx kimegundua asidi amino katika asteroidi Bennu". Upatanisho ni sahihi, maana si sahihi. Chombo hicho kilileta gramu 121.6 za vumbi na vijiwe, na kapsuli yake ikashuka Utah, Marekani, Septemba 2023. Waliozikuta ndani yake aina 14 kati ya 20 za asidi amino ambazo viumbe hutumia kujenga protini ni wanasayansi, maabarani, hapahapa Duniani, na matokeo yalitangazwa Januari 2025. Basi andika: "Wanasayansi wamegundua asidi amino katika vumbi lililoletwa na OSIRIS-REx."

Pragyan ni kesi nyingine. Lilipiga udongo wa Mwezi kwa leza, likapima mwanga uliotoka, na alama za salfa zikaonekana palepale. "Pragyan limegundua salfa" naipitisha bila kinyongo.