Je, mwanangu mwenye hali ya Down ni adhabu ya dhambi zangu?

SWALI: Assalaamu alaykum, sheikh. Mwanangu wa kiume ana miaka minane, amezaliwa na hali ya Down. Mama mkwe anasema ni adhabu ya dhambi zangu. Mume wangu hakumchinjia akika (mnyama wa kuchinjwa kwa ajili ya mtoto aliyezaliwa), madrasa amekataa asiende, na wageni wakija huagiza afungiwe chumbani. Sheria inasemaje? Na swala itamlazimu?

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullah. Dada yangu, neno la mkweo halina dalili. Allah anasema katika Suratul An'aam, aya ya 164, kuwa mbebaji habebi mzigo wa mwingine. Vipi basi mtoto alipishwe makosa ya mamake? Tangu 1959 madaktari wanajua sababu: mtoto huumbwa na kromosomu (nyuzi ndogo ndani ya seli zinazobeba urithi wa maumbile) 3 za namba 21 badala ya 2. Si laana, wala si jini.

Hilo la kumfungia chumbani limeniuma sana. Anas bin Malik anasimulia, katika Sahihi Muslim, kwamba mwanamke aliyekuwa na kasoro ya akili alimwambia Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, kuwa ana haja naye. Akamjibu: "Ewe mama wa fulani, angalia njia yoyote uitakayo nikutimizie haja yako." Akaenda naye kando, akabaki naye mpaka alipomaliza. Mtume wa Allah alisimama na mwanamke huyo njiani, tena mwanamke ndiye aliyepewa hiari ya kuchagua njia! Sasa mumeo anamwonea haya nani?

Akika bado haijampita. Kwa madhehebu yetu ya Shafi baba anaweza kuchinja mpaka mtoto abaleghe. Mbuzi wawili ndiyo sunna, mmoja anatosha. Na katika mirathi fungu lake ni kamili kama la nduguze wa kiume, ila litasimamiwa na walii, yaani msimamizi wake wa kisheria.

Ama swala, kalamu imenyanyuliwa kwa asiye na akili, yaani haandikiwi dhambi, lakini watoto hawa hawalingani, na wengi hufundishika. Mfundishe kidogo kidogo: katika udhu, leo kuosha viganja tu, akishika, ndipo kusukutua. Madrasa aende, na ustadhi aelezwe mapema. Akibaleghe, mwanachuoni aliye karibu nanyi amtazame ufahamu wake, ndipo ijulikane kama swala inamlazimu.

Kama hajapimwa moyo, mpeleke hospitali, kwani karibu nusu yao huzaliwa na hitilafu ya moyo. Msomeeni dua, lakini dua isiwe sababu ya kumwacha daktari.

Wallahu a'lam.