Ndege kuzumburu ndio walionifundisha kuvuna mapema

Juzi dada mmoja wa Luwero ameniandikia: "Kaka, ndege wananimalizia mapapai, ninunue dawa gani?" Dada yangu, usinunue dawa. Nasema hivyo nami nimewahi kuiulizia dukani.

Msimu wangu wa kwanza hapa Kiryandongo nilikuwa na mipapai mia mbili na kiburi cha mwenye elfu. Mnunuzi wa Kampala akasema yuko tayari. Nikamwambia angoje wiki moja, matunda yazidi uzito. Tamaa hiyo! Siku ya kuvuna nikashika papai moja zuri, la manjano upande wa njiani. Kuligeuza, nyuma kuna tundu la kuingiza ngumi. Ndani limebaki ganda, mbegu chache na nyigu. La pili hivyo hivyo. Mnunuzi alibeba kreti mbili tu, akaondoka bila kuaga. Shemeji yangu hadi leo huisimulia hadithi hiyo hata matangani.

Nikaanza kuhangaika kuwafukuza ndege. Nilisimamisha sanamu, nikalivika koti langu. Kuzumburu wakaja kukaa mkononi mwake asubuhi, matumbo wameyaelekeza kwenye jua, mikia mirefu inaning'inia. Kanda za kaseti zilivuma na upepo siku nne. Ya tano ndege mwingine, shore, akatua juu yake. Nyavu kuukuu za wavuvi zilinasa ndege wawili na nyoka. Wavu ukilegea ni mtego tu, lazima ukazwe na ufungwe hadi chini. Na sumu je? Kuku anakula, mwewe anakula ndege aliyekufa, mtoto anaokota tunda. Hapana, ndugu zangu.

Kilichoniokoa ni kuvuna mapema. Papai likitoa mstari mmoja wa manjano huku chini, likate, litaivia nyumbani. Pita shambani kila baada ya siku moja, alfajiri. Machache ya kuivia mtini yavike mifuko ya karatasi. Yaliyodonolewa yaokote uyafukie, maana yanaita ndege wengine na nzi wa matunda. Halafu vuna mapema. Nimeshasema? Narudia, kwa sababu sisi wakulima hatusikii, macho yetu yako kwenye mizani.

Mwezi uliopita mnunuzi yule yule alirudi. Kreti kumi na nane, akageuza papai moja moja, hakuona tundu. Shemeji alikuwepo. Hakusema neno, aliomba mawili ya watoto.