Ukirudi Unguja, kula kwa saa yake: ushauri kwa waliokaa mbali na Mji Mkongwe

Kila likizo inapokaribia, na zaidi inapokaribia Idd, jamaa wanaoishi nje huniuliza swali moja: wakifika Unguja wakale wapi? Wengi hutaka majina ya mikahawa, na majina ninayo. Lakini kwa uzoefu wangu wa kwenda na kurudi tangu nilipohamia Muscat, jina la mahali ni nusu tu ya jibu, na pengine ndiyo nusu iliyo ndogo. Vyakula tunavyovitamani tukiwa mbali havikai mezani siku nzima vikitusubiri. Kila kimoja kina saa yake, vingine vina msimu wake, na vingine hufuata mwezi na maji ya bahari. Anayekwenda soko la Darajani jioni akitaka samaki wa kuchagua, au bustani ya Forodhani mchana akitaka mishkaki, ataondoka akilalamika kwamba mji umeharibika, na hali mji uko pale pale na shughuli zake zinakwenda kwa saa zile zile alizoziacha.

Kwa hiyo neno langu la kwanza ni kwamba uzipange siku zako kwa saa za chakula, na mahali patafuata.

Asubuhi haina haja ya maelezo mengi, kwa sababu chai ya asubuhi iliyo bora bado ni ya nyumbani: maandazi ya hiliki yaliyoumuliwa usiku, mkate wa ajemi au boflo uliotoka tanurini, na maharage ya nazi yaliyobaki jana yakapashwa moto. Ukifikia hotelini, tafuta jamaa wa kukualika angalau asubuhi moja. Kisha usirudi kulala, bali uende sokoni.

Jengo la Soko Kuu la Darajani lilijengwa mwaka 1904, na ingawa pembezoni mwake mengi yamejengwa na kuhamishwa, mnada wa samaki wa asubuhi ni jambo ambalo mtu aliyekulia mjini hawezi kulipata kwingine kokote. Huko ndiko utakakojua siku hiyo bahari imetoa nini: changu, tasi, nguru, jodari, kolekole, ngisi. Walio mtaa wa Malindi wana mnada wao karibu na bandari, na wengi wa tuliokulia mjini tulitumwa huko na wazee wetu kabla ya kujua kutofautisha changu na chaa. Ushauri ambao sijaona ukitolewa kwa wageni, na ambao wenyewe tunausahau tukikaa nje, ni huu: kabla ya kukata tiketi, tazama mwezi. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hukupwa mbali sana, na wanawake wa pwani ya mashariki, kama Paje na Jambiani, huingia miambani kwa miguu kutafuta pweza. Siku hizo ndizo pweza anapopatikana kwa wingi na akiwa mbichi. Siku za maji mafu miamba haitoki nje vya kutosha, na pweza utakayemkuta huenda ametoka kwenye barafu. Zingatia pia kwamba baadhi ya vijiji siku hizi hufunga miamba kwa muda ili pweza wakue, jambo ninaloliunga mkono kwa moyo wote, hata kama linaninyima kitoweo nikiwa nyumbani. Dagaa nao wana hesabu yao: huvuliwa kwa taa usiku wa giza, basi mbalamwezi ikiwaka usiwalaumu wavuvi kwa kukosekana kwao.

Mchana nenda Mkunazini. Mkahawa wa Lukmaan, ulio karibu na mbuyu mkubwa, unajulikana na wenyeji na wageni, na sioni aibu kuutaja pamoja na kwamba kila kitabu cha watalii kinautaja, kwani pale bado utakuta wali wa nazi, mchuzi wa samaki, pweza wa nazi na mboga za majani katika sahani moja, na utakuta makarani na wachukuzi wakila meza moja na wageni. Fika kabla watu hawajatoka kuswali adhuhuri, kwa sababu baadaye utachagua katika yaliyobaki. Ijumaa, hata hivyo, usile mkahawani. Siku hiyo nyumba nyingi hupika pilau au biriani, na mtu aliyerudi safari akila hotelini siku ya Ijumaa huwatia unyonge jamaa zake.

Alasiri ni saa ya urojo, na hapa naomba mnivumilie nikae kidogo, maana katika vyote tunavyovikumbuka sijaona kinachozungumzwa zaidi ya hiki katika barza za Waswahili wa Muscat. Muuzaji hodari huweka sufuria ya urojo wenyewe juu ya moto mdogo, na pembeni yake amepanga mabakuli ya kila kitu kingine. Urojo huo ni unga wa ngano uliokorogwa na maji, ukatiwa manjano, chumvi na ukali wa embe mbichi au ndimu, kisha ukapikwa huku ukikorogwa mpaka ukashika uzito kidogo tu; ukizidi uzito hugeuka uji, na ukiwa mwepesi mno hauwezi kushikana na vilivyomo. Ndani ya bakuli hutangulia vipande vya viazi vya kuchemsha, halafu bajia zinazovunjwa kwa mkono, kachori, pengine nusu ya yai na nyama ya mishkaki iliyochomolewa kwenye kijiti. Ndipo urojo humiminwa juu, ikafuata chatne ya nazi, kisha pilipili, na mwisho kabisa kripsi za muhogo zilizopondwa kwa kiganja. Hizo kripsi ndizo zinazokulazimisha ule pale pale uliposimama, kwa sababu baada ya dakika chache hulainika, na bakuli ulilolichukua kwenda kula nyumbani huwa ni chakula kingine.

Namna ya kulipata bakuli zuri ni kutofuata ishara za barabarani. Ingia mtaani saa za alasiri, watoto wanapotoka chuo cha Kurani na wafanyakazi wanapofunga ofisi, utazame wapi wenyeji wamesimama na mabakuli mikononi. Kuna mama mmoja ng'ambo ya Darajani ninayemwendea kila nikifika, na mara zote huniuliza kwa namna ile ile.

"Nikutilie pilipili, mwanangu?"

"Kidogo, mama."

"Kidogo ya wapi? Ya hapa au ya huko ulikotoka?"

Mwulize muuzaji wako naye, akuoneshe rangi ya pilipili yake kabla hajamimina, maana miaka ya ugenini hupunguza ustahimilivu, na bakuli likishachanganywa halichujwi. Ukipenda ukali wa ndimu, omba iongezwe mwishoni na usiombe ipikwe humo.

Baada ya magharibi kunywa kahawa. Maskani ya Jaws Corner yanajulikana, lakini karibu kila mtaa una barza yake, yenye dele la kahawa juu ya makaa, vikombe vidogo visivyo na mkono, na kashata za njugu au za nazi kwenye sinia. Kahawa ya hapo ni chungu na haitiwi sukari. Utamu wake unatokana na kashata. Ninawasihi sana vijana waliozaliwa nje wasiende barzani kama waendao dukani. Toa salamu kwa wote kabla hujakaa, mwache mzee akae mahali alipozoea, usipige picha za watu wanaocheza dhumna bila ruhusa, na ukilipa kahawa yako mlipie na aliye kando yako. Sikiliza zaidi kuliko unavyosema. Utasikia siasa, mpira, bei ya karafuu na habari za nani amefariki na nani ameoza binti yake, na ndani ya saa moja utakuwa umeujua mji zaidi ya vile simu ilivyokuwa ikikueleza mwaka mzima. Wengi wanaosema wanatamani chakula cha nyumbani, ukiwadodosa, hutaja barza kabla ya kutaja kitoweo, na mimi ni mmoja wao.

Sasa Forodhani. Bustani ile ilikarabatiwa na taasisi ya utamaduni ya Aga Khan na kufunguliwa upya mwaka 2009, na tangu hapo nimesikia manung'uniko mengi kwamba imekuwa ya watalii. Ni kweli kwamba meza nyingi zinawatazama wageni, na ni kweli pia kwamba Beit al-Ajaib, yaani Jumba la Maajabu, iliyokuwa ikituangalia kutoka upande wa pili wa barabara iliporomoka sehemu yake mwezi Desemba 2020, jambo lililotuumiza sote tuliokulia chini ya saa yake. Lakini Forodhani bado ni bustani ya watu wa mjini. Nenda jioni ya mwisho wa wiki uone familia zilizokaa ukutani, na vijana wanaojirusha baharini kabla giza halijaingia. Ninachoshauri ni kujua la kula pale. Vijiti vya samaki na kamba vilivyopangwa mezani kwa urembo tangu magharibi, ukavikuta saa nne usiku, viache. Chagua kinachochomwa mbele yako: mishkaki ya ng'ombe, muhogo wa kuchoma, mkate wa ajemi wa moto. Kunywa juisi ya miwa iliyokamuliwa pamoja na ndimu na tangawizi, na usimame karibu na mashine uone mua unavyoingia. Uliza bei kabla hujagusa kitu, na uliza kwa Kiswahili cha kwenu, maana lafudhi ya nyumbani hufanya kazi kubwa kuliko ubishi. Pizza ya Zanzibar, ile chapati iliyokunjwa yenye nyama na yai ndani, ni chakula kizuri na inawapa vijana wetu riziki. Ila mimi sijapata kumsikia Mzanzibari mwenye umri wangu akiitamani akiwa mbali.

Safari yako ikiangukia Ramadhani, yote niliyoyasema yapindue. Mchana mikahawa mingi hufungwa na hakuna kula hadharani, na hilo unapaswa kuliheshimu hata kama una udhuru wa safari. Alasiri ndipo Darajani hujaa sambusa, katlesi, kababu, tende, majimbi, ndizi mbivu za kupika, na mikate ya kumimina, na msongamano wake ni sehemu ya furaha yenyewe. Nunua mapema, kabla ya saa kumi na moja, kisha kafuturu na jamaa. Mwezi huo hakuna mkahawa unaoshinda futari ya nyumba ya kawaida: muhogo wa nazi, uji, tambi, na vipopoo kwa nyumba zinazoendelea kuvipika. Mtu anayetaka kuonja yote kwa siku chache, basi Ramadhani ndiyo wakati, kwa sharti kwamba awe na nyumba ya kufuturu.

Huulizwa pia juu ya vya kubeba. Haluwa husafiri vizuri, na ya Wete, Pemba, ina sifa yake, ingawa kwa sisi wa Muscat kubeba haluwa kwenda Oman ni mjadala wa kifamilia usiokwisha, kwa kuwa Waomani wana yao nao hawako tayari kushindwa. Kashata, ubuyu, achari ya embe na pilipili ya kusaga pia husafiri bila taabu. Mishkaki usijisumbue, Muscat inachomwa kando ya barabara, na mandazi utayapata kwa jina hilo hilo, kwa kuwa familia zilizotoka Zanzibar zilikwenda nayo. Urojo na kahawa ya barzani havibebeki. Embe nzuri huja na msimu wake, kati ya Disemba na Januari hasa, basi usimlaumu mwenyeji wako ukizikosa mwezi wa Agosti.

Kilichobaki ni kile ninachokihimiza kuliko vyote: tengeni siku moja ya safari kwa ajili ya kujifunza kupika kwa mtu mzima wa nyumbani, shangazi, bibi au jirani, kile chakula ambacho kwa kweli ndicho unachokililia. Wapishi wetu hawaandiki vipimo. Shangazi yangu hupima unga wa urojo kwa kikombe cha chai cha zamani alichonacho yeye peke yake, na manjano kwa ncha ya kijiko, na ukimwuliza ndimu ngapi hukujibu kwamba inategemea ndimu. Niliweka mizani ndogo ya jikoni kando yake, nikawa napima kila alichokishika kabla hakijaingia sufuriani, na kuandika. Alinicheka, kisha akaanza mwenyewe kunisubiri nipime. Karatasi ile ndiyo inayonipikia urojo Muscat leo, na binti yangu ameshaanza kuifuata. Basi mpigie simu mpishi wako siku mbili kabla, mnunulie mwenyewe nazi, ndimu na manjano Darajani asubuhi ile, na ufike mapema, kabla hajakaa kwenye mbuzi kukuna nazi, kwa sababu kiasi cha maji anachokamulia tui ndicho jambo la kwanza utakalohitaji kuliandika.