Spea za Prado ya zamani: uliza kwa namba, usiulize kwa jina

Mtu akiingia dukani na kusema, "Nataka pampu ya maji ya Prado," ameshampa muuzaji ruhusa ya kumletea chochote. Prado ipi? Ile peke yake iliyouzwa Japani kuanzia 1996 hadi 2002 ilitoka na injini kadhaa: 1KZ-TE ya dizeli lita 3.0, 3RZ ya petroli lita 2.7, 5VZ ya silinda sita lita 3.4, na mwaka 2000 ikaja 1KD, dizeli nyingine ya lita 3.0. Kwa nje utaona gari lile lile, ila pampu ya moja haikai kwenye nyingine. Wenzangu wengi hapa Dodoma wanalalamikia spea feki, na feki zipo kweli. Lakini kwa niliyoyaona tangu nianze kuitunza Prado yangu ya KZJ95, hela nyingi zaidi inateketea kwa spea nzima kabisa iliyotengenezwa kwa ajili ya gari lingine.

Aliyeko Kariakoo akikosea anarudi dukani mchana huohuo kubadilishiwa. Sisi tuko mbali kama kilomita 450. Gari linakaa juu ya mawe gerejini, fundi anahamia kazi nyingine, na nauli ya kurudisha spea inakula faida yote ya bei uliyobembeleza. Kwa hiyo kazi ya kutafuta spea ianzie kwenye gari lenyewe, kabla hujapiga simu kokote.

Fungua boneti. Kwenye ukuta unaotenganisha injini na kabini kuna kibati cha Toyota. Kifute vumbi, kipige picha inayosomeka, na uitunze kwenye simu. Pale utakuta modeli, namba ya fremu, aina ya injini, rangi, pamoja na alama za gia boksi na difu. Ukisoma KZJ95, KZ ni injini ya 1KZ, J ni ukoo wa Land Cruiser, na 95 ni bodi ya milango mitano (ya milango mitatu ni 90). Gari la soko la Japani halina ile namba ndefu ya tarakimu 17 kama yaliyouzwa Ulaya, kwa hiyo katalogi ya mtandaoni inayodai tarakimu 17 itakukataa. Tafuta ile inayokubali namba ya fremu.

Halafu thibitisha injini kwa macho. Magari haya yana umri, yamepita mikononi mwa watu wengi, na mengine yameshabadilishiwa injini bila mwenye gari wa sasa kuambiwa. Soma namba iliyogongwa kwenye bloku, ilinganishe na kibati na kadi ya gari.

Ukishapata hayo, tafuta namba ya spea yenyewe. Kwa Toyota kwa kawaida ni tarakimu kumi, tano na tano. Tano za mwanzo zinataja kitu: 13568 ni mkanda wa taimingi, 16100 ni pampu ya maji, 04465 ni breki pedi za mbele, 11101 ni silinda hedi. Tano za mwisho zinaelekeza ni cha gari gani. Muuzaji akisema za mwisho hazina shida, mwombe akuonyeshe kwenye katalogi kwamba namba yako imefutwa na kuwekewa mpya, maana Toyota hufanya hivyo mara nyingine. Asipoweza, nenda duka la pili.

Habari njema ni kwamba 1KZ haikufungwa kwenye Prado tu. Ipo kwenye Hilux Surf na kwenye HiAce, kwa hiyo spea nyingi za injini utazipata hata kwa anayeuza za HiAce. Nimesema nyingi, sikusema zote. Namba ndiyo itakayoamua.

Sasa, kipi kinunuliwe kipya na kipi cha mtumba? Msimamo wangu ni huu: chochote cha mpira, na chochote kinachoshika gurudumu au kusimamisha gari, nanunua kipya. Bushi, hosi, mikanda, shokapu na breki za mtumba zimeshazeeka kabla hazijafika bandarini. Kwa milango, taa, vioo, difu, propela na jenereta, mtumba wa Japani ni mzuri. Jenereta ya Denso iliyotumika, ikapimwa mbele yako, naiamini kuliko kopi mpya isiyo na jina. Na usidhani lazima boksi liandikwe Toyota. Denso, Aisin, KYB na Koyo wamekuwa wakiiuzia Toyota vifaa miaka mingi, na kifaa chao kikiwa kwenye boksi lao kwa kawaida bei inashuka.

Bolijointi za chini za mbele, yaani viungo vinavyoshika gurudumu la mbele, nazitaja peke yake kwa sababu zinaweza kuua. Kwenye Prado hii na Hilux Surf ya modeli ya 185, uzito wa gari unaivuta bolijointi ya chini itoke. Ikichoka inachomoka, na gurudumu linalala. Ukizoea barabara za Kibakwe, au njia za vumbi zinazotikisa gari saa nzima, mwambie fundi azikague kila anapoinua gari. Hapa usitafute nafuu. Nunua halisi, au ya kampuni ya 555 ya Japani kutoka kwa mtu unayemwamini, kwani jina la 555 nalo linaigwa. Boksi halithibitishi kitu. Angalia namba iliyogongwa kwenye chuma, umaliziaji wake, na uzito ukilinganisha na ya zamani.

Kuhusu silinda hedi ya 1KZ-TE. Ni ya aluminiamu, na injini ikichemka hata mara moja inaweza kupata ufa, mara nyingi katikati ya valvu. Hedi ya mtumba usiinunue kwa kuitazama tu. Ipelekwe karakana ya mashine, ipimwe kwa presha, na makubaliano ya kuirudisha yaandikwe kwenye risiti kabla hujalipa. Mpya zipo, zikiwemo za AMC ya Hispania, na kwa anayesafiri mbali na mji ndiyo njia ninayoipendekeza. Ila kuweka hedi mpya kwenye gari lenye rejeta iliyoziba ni kununua hedi ya pili mapema. Hapa kwetu vumbi na mbegu za nyasi hujaa katikati ya kondensa ya AC na rejeta, mahali ambapo huoni mpaka uzitenganishe. Maji ya visima vyetu vingi yana chumvi, yanaacha ukoko ndani. Tumia kulanti (maji maalum ya rejeta), kagua kifuniko cha rejeta, kagua na klachi ya feni.

Mkanda wa taimingi nao usisubiriwe. Taa ya T-BELT kwenye magari ya Japani huwaka kila kilomita 100,000, lakini yeyote anaweza kuizima na kuianzisha upya bila kugusa mkanda. Kama hukuukuta na kumbukumbu, badilisha pamoja na beringi yake ya kukaza.

Kwa ununuzi wenyewe, vipya viko Kariakoo upande wa Gerezani, mtumba uko Ilala, Shauri Moyo. Mawinga, yaani madalali wa mtaani, watakupokea kabla hujashuka vizuri. Wengine wanasaidia kweli, ila bei yao imo ndani ya bei yako. Mimi natuma picha ya kibati, picha ya spea ya zamani na namba kwa maduka matatu, halafu nasubiri. Anayejibu, "Kaka, hiyo ipo, tuma hela," namwacha. Anayejibu, "Kaka, yako ina meno mangapi?" huyo anajua anachouza.

Fundi wako mshirikishe. Mlipe vizuri ufundi wake, na mkubaliane wazi kwamba spea unanunua wewe, ili asitegemee cha juu. Mwombe asitupe cha zamani mpaka kipya kifungwe na gari litembee. Kwa spea kubwa kama hedi, panda treni ya SGR asubuhi na cha zamani mkononi. Tangu ianze safari za Dodoma mwaka 2024, kwenda Dar na kurudi siku moja kunawezekana. Kwa vitu vidogo parseli ya basi inatosha. Mwambie muuzaji aandike namba ya spea kwenye risiti ya EFD na akupigie picha ya mzigo kabla haujafungwa. Ukiupokea stendi ya Nanenane hapa Dodoma, fungua boksi palepale na ulinganishe namba kabla hujaupeleka kwa fundi, kwa sababu spea ikishapakwa grisi hakuna duka litakaloipokea.