Nyumba ya urithi Mkunazini, kiwanja Tunguu

*Shikamoo Bi Mkubwa. Tunaishi Mkunazini, nyumba aliyoiacha marehemu baba mkwe. Chini anakaa mavyaa wangu, juu mimi na mume wangu na watoto watatu. Masika iliyopita kipande cha dari kiliangukia jikoni, Mungu ametuepusha tu. Fundi anasema apige lipu ya saruji nyumba nzima. Mimi nataka tuhame, tuna kiwanja Tunguu, nje ya mji, na msingi umeshainuka. Mume wangu hataki kusikia. Ana kaka yake Muscat na dada wawili hapa mjini, wote wanasema nyumba ya baba isiachwe, lakini hatoi mtu senti. Nina akiba yangu ya duka la vitambaa Darajani. Niitie wapi? — Niliyechoka*

Marahaba mwanangu. Huyo fundi mzuie kwanza, mengine tutayafikia.

Kuta za nyumba za Mji Mkongwe wa Unguja, kama hiyo yenu ya Mkunazini, ni mawe na chokaa, na dari imebebwa na boriti za mikoko zilizochomekwa ukutani. Ukuta wa namna hiyo hunywa unyevu na kuutoa. Ukiuvisha saruji, unyevu unakosa pa kutokea, unahamia kwenye vichwa vya boriti, na boriti inaoza kule ndani ambako macho hayafiki. Mwaka wa kwanza utasifiwa nyumba yako inang'aa. Baadaye lipu itavimba na kubanduka, na boriti zitakuwa zimeshakwenda.

Tena dari haikuanguka kwa uzee tu. Kuna maji yanaingia mahali. Tazameni bati, mlizamu, tangi la juu, na zaidi ya vyote choo cha ghorofani, maana vyoo vingi vilipandishwa juu na watu wasiojua nyumba hizi zinataka nini. Kuziba maji ni kazi ndogo ukilinganisha na hiyo lipu, na ifanywe kabla ya masika, mhame msihame, kwa sababu mama wa watu analala chini ya boriti hizo. Beit al-Ajaib yenyewe, jumba la sultani, iliporomoka upande mmoja Disemba 2020 mafundi wakiwa ndani, na watu wawili wakafa. Kabla ya kugusa kitu nendeni Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe mkaombe kibali. Mji huu ni Urithi wa Dunia tangu 2000, hubadilishi dirisha wala mlango kwa kupenda kwako. Na hapo hapo ulizeni fundi wa chokaa.

Sasa nije kwenye neno ulilolipita mbio: nyumba "aliyoiacha marehemu". Imegawiwa?

Nadhani haijagawiwa, na nadhani ndiyo sababu mumeo hataki kusikia. Chukua hesabu. Kama warithi ni mavyaa wako, wana wawili wa kiume na wawili wa kike, basi mjane anachukua thumuni, na kinachobaki mwanamme anapata mara mbili ya mwanamke. Katika sehemu 24, mavyaa ana 3, mumeo 7, kaka yake wa Muscat 7, na kila wifi 3 na nusu. Wewe huna hata moja. Ukimwaga akiba yako kwenye kuta hizo, unawatengenezea nyumba shemeji na mawifi, na siku watakapotaka kuuza hakuna atakayekumbuka nani alinunua chokaa.

Mumeo anajua hayo. Akihama, lazima aulizwe nyumba inakuwaje, na swali hilo linataka kikao na ndugu zake. Akikaa, kila mtu ananyamaza. Simlaumu sana, watu wameacha kuzikana kwa mambo haya. Lakini usilifungue mezani mbele ya mama yake. Mwambie mkiwa wawili, na msemee dari iliyoanguka, usimsemee ndugu zake. Yeye ndiye awaite, wa Muscat kwa simu, kisha waende Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, mirathi igawiwe. Huko pia watajua kama nyumba si ya wakfu, kwani ikiwa ni wakfu hakuna cha kugawa wala kuuza.

Kuna mtu mmoja hukumwandika anataka nini. Mavyaa wako umemuuliza? Jirani zake wako hapo, mazishi na harusi zote anakwenda kwa miguu. Tunguu atakuwa mgeni uzeeni. Huenda akasema nendeni, niachieni mjukuu mmoja. Huenda akalia. Vyovyote, bora umsikie mwenyewe kuliko kumsikia kwa mawifi.

Rai yangu ni mhamie Tunguu, ila si mwaka huu. Watoto wana skuli mjini, duka lako liko Darajani, na nauli ya watu watano kila siku itakula faida ya vitambaa usijue imekwenda wapi. Malizeni vyumba viwili na choo, mtie maji na umeme, ndipo mfunge mizigo. Na kiwanja mkakitazame mvua inanyesha, mjue maji yanapita wapi.

Akiba yako Mkunazini itoe fedha za kuziba maji tu, na iandikwe, mawifi wakishuhudia, kuwa ni deni la nyumba. Iliyobaki isubiri. Kwanza ziombe karatasi za Tunguu usome zimeandikwa jina la nani. Kama ni la mumeo peke yake, liongezwe lako kabla hujanunua tofali.